Maskini wa Saa Moja

Safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki igizo ambalo halina mwandishi mmoja, halina jukwaa, na wachezaji wake wanaambiwa tangu mlangoni kwamba hapa hatuchezi. Linafanyika Marekani, katika vyuo vya unesi, na wanaoligiza ni vijana ambao kesho kutwa watakuwa wodini wakiwachoma sindano watu wasio na kitu. Nia yake ni kwamba kwa saa moja mwanafunzi aonje umaskini, ili akikutana nao asiukunjie uso. Najua kuna mwenzangu atauliza: unesi na fasihi, wapi na wapi? Asubiri kidogo.

Nimelijua igizo hili kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayesomea unesi huko. Chuo chake sikitaji. Aliponisimulia nilianza kuyatafuta maelezo ya walimu wanaoliendesha, nikayasoma kama ninavyosoma tamthilia yoyote: nani anasema, nani amenyamazishwa, na nani ana mlango wa kutokea. Mimi shule niliishia kidato cha nne, sina cheti cha uhakiki. Lakini kusoma najua.

Kwanza niwatendee haki manesi. Kufundishana kwa kuiga hawakuanza jana. Mwaka 1911 hospitali ya Hartford, katika jimbo la Connecticut, ililetewa mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima, wakamwita Mrs. Chase, kwa jina la mama aliyemtengeneza. Juu ya mwili wake wanafunzi walijifunza kumgeuza mgonjwa, kumvisha, kumlaza. Mwaka 1960 akaja Anne wa kutoka Norway, yule wa kufundishia kufufua pumzi, ambaye sura yake ilinakiliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana, aliyesemekana kuopolewa katika mto Seine, Paris. Hebu fikiria: maiti ya msichana asiye na jina, pengine maskini wa kutupwa, ndiyo imebusiwa na dunia nzima kwa ajili ya mazoezi. Hiyo peke yake ni riwaya, na atakayeiwahi na aiandike.

Sasa, kumwiga mgonjwa kwa mwanasesere kuna mantiki yake. Ukikosea, hafi mtu. Na mambo yamesonga mbele: mwaka 2014 utafiti wa baraza la taifa la bodi za unesi la huko ulihitimisha kwamba hata nusu ya saa za mazoezi ya wodini zinaweza kuchukuliwa na uigaji, mradi uwe umeandaliwa barabara. Sina ubishi na hilo. Mshipa ni mshipa, wa plastiki ama wa nyama. Swali langu ni kama umaskini nao una mshipa unaoweza kutengenezwa kwa plastiki.

Igizo lenyewe lilizaliwa St. Louis, jimbo la Missouri, miaka ya 1970, mikononi mwa kikundi kilichokuwa kikipigania haki za watu wanaoishi kwa msaada wa serikali. Baadaye likachukuliwa na muungano wa asasi za jimbo hilo zinazopambana na umaskini, na leo vyuo vingi vinalipata kama kasha: karatasi, bahasha, kadi na maelekezo, kila kitu kimo ndani. Mpangilio wake ni huu. Ukumbi mkubwa. Katikati viti vimewekwa mafungu mafungu, kila fungu ni familia. Kuna familia ambayo baba amefukuzwa kazi, kuna iliyokimbiwa na baba, kuna bibi na babu wanaolea wajukuu, kuna wasio na pa kulala. Kuzunguka ukuta kuna meza: benki, mwajiri, shule, duka la vyakula, mwenye nyumba, ofisi ya msaada, duka la rehani, mkopo wa haraka, polisi. Kengele inalia, wiki imeanza. Wiki ina dakika kumi na tano. Wiki nne ni mwezi. Mwezi mzima unapita kwa saa moja, na kazi yako ni kufika mwisho wake ukiwa bado una nyumba, umeme haujakatwa, watoto wamekula.

Bwana, kama muundo, huu ni muundo wa fundi. Nimesoma tamthilia za watu wenye shahada ambazo hazina nusu ya mvutano huu. Na kitu kilichonifanya nivue kofia ni kidogo kabisa: tiketi. Huwezi kwenda meza yoyote bila kutoa kikaratasi cha nauli. Huna kikaratasi, hata kama benki iko hatua nne kutoka kwenye kiti chako, huendi. Ukifika nacho unakuta foleni. Foleni ikisogea, kengele inalia, wiki imekwisha, na kikaratasi umeshakitoa. Waandishi wangapi miongoni mwetu wangefikiria tiketi? Sisi tungeweka kifo. Tungeweka mtoto anayekohoa damu na mvua inayopenya paa, na mama analia. Huyu aliyebuni tiketi alijua kwamba umaskini kwa sehemu kubwa ni usafiri na kusubiri. Mtu hakosi dawa kwa sababu dawa hazipo. Anazikosa kwa sababu duka liko upande ule na kazi iko upande huu, na basi linapita mara moja kwa saa.

Kwa nesi, somo hili ni dhahabu. Chukua mambo ya kawaida ambayo mgonjwa huambiwa anapotoka hospitali. Meza dawa baada ya chakula, mara tatu kwa siku. Pumzika kitandani wiki mbili. Insulini iweke mahali pa baridi. Rudi Jumanne saa mbili asubuhi. Kila sentensi hapo imebeba mali ndani yake bila kuitaja: milo mitatu, kazi inayotoa likizo yenye malipo, jokofu lenye umeme, nauli. Na Marekani insulini imekuwa ghali kiasi kwamba kuna watu hupunguza dozi wenyewe ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Sheria ya mwaka 2022 iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi, lakini kwa walio katika bima ya serikali ya wazee na walemavu, si kwa kila mtu. Mwanafunzi aliyezungushwa na tiketi kwa saa moja huenda siku moja akashika kalamu na kusita kabla ya kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mkaidi, hafuati maelekezo. Kama igizo linafanya hilo tu, basi limelipa gharama za ukumbi.

Lakini mimi ni mhakiki, na sasa nageukia wahusika.

Bahasha inakupa jina, umri, mapato, madeni. Haikupi jirani. Haikupi shangazi. Haikupi kumbukumbu ya mwezi uliopita ulivyouvuka, wala mwenye duka anayekujua na anayeweza kukukopesha unga hadi Ijumaa. Kwa hiyo ukumbi mzima umejaa watu walioamka asubuhi hiyo wakajikuta maskini, kama waliodondoshwa na ndege. Hawajui meza ipi ifuatwe kwanza, wanakimbizana, wanasahau watoto, wanacheka kwa kiwewe. Halafu mwalimu anawaambia: mmeona? Ndivyo maisha yao yalivyo. Sivyo! Hayo ni maisha ya mgeni. Maskini wa kweli ni mzoefu. Anajua ofisi gani inafungwa kabla ya saa yake, karani gani ana roho nzuri, deni gani linaweza kungoja na lipi likichelewa linaleta dalali mlangoni. Elimu hiyo yote igizo limeifuta, likabakiza mtu aliyepigwa butwaa, na butwaa si umaskini.

Na mambo haya hayahitaji kubuniwa, kwani huko huko Marekani yalishaandikwa. Mwaka 1974 Carol Stack alitoa kitabu kiitwacho All Our Kin, baada ya kukaa na familia za watu weusi maskini katika mji mmoja wa maeneo ya kati ya nchi. Alichokikuta humo ni hesabu kubwa ya kupeana: leo nakupa viatu vya mtoto, kesho unanilelea mwanangu, keshokutwa unanipa hela ya kodi. Ndugu wa damu na ndugu wa hiari. Asiyerudisha anatengwa. Sisi tuliokulia kwenye upatu na kukopeshana chumvi hatuhitaji kufafanuliwa. Ila hebu liingize hilo katika ukumbi wa viti na uone: familia zingeacha kukaa mafungu mafungu, zingeanza kuitana, bibi wa fungu la tano angewaangalia watoto wa fungu la saba, na tiketi moja ingebeba maombi ya watu watatu. Kengele ingelia bila kumtisha mtu. Nadhani ndiyo maana halimo. Lingeharibu somo.

Sasa dada yangu. Alipewa bahasha ya mwanamume aliyepoteza kazi, mwenye mke na watoto wawili. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa akifanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, analipa ada kwa vipande, na mwisho wa mwezi anatuma nyumbani. Darasani hakuna aliyelijua hilo, na hakuna aliyeuliza. Aliniambia: "Mdogo wangu, nilivuka mwezi vizuri kuliko wote. Nilikwenda kwanza kwa mwenye nyumba nikaomba wiki, ndipo nikaenda kazini. Wenzangu walikimbilia chakula." Mwalimu akamsifu kwa kuwa na mawazo mazuri. Kengele ya mwisho ilipolia wakaambiwa wakae duara wasimulie walivyojisikia. Wengine walitoa machozi. Yeye alitazama saa, akaomba ruhusa, akatoka kuwahi basi. Likimpita hilo angechelewa zamu.

Nimelifikiria sana basi hilo. Vyuo vya miaka miwili huko vinachukua watu wazima wengi wanaofanya kazi na kulea huku wanasoma. Igizo linapowagawia bahasha linachukulia kwamba umaskini uko nje ya ukumbi, kule kwa wagonjwa, na kwamba waliomo ndani wote ni wageni wake. Kosa hilo ni la msimamo wa msimulizi. Msimulizi anasema "sisi" na "wao" bila kuhesabu nani amekaa kwenye viti.

Kuna jambo jingine, na hili ni zito zaidi. Mwaka 2011 kampuni ya matangazo ya McKinney na shirika la Urban Ministries of Durham, la North Carolina, walitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa SPENT. Unaanza na dola 1,000, unatakiwa ufike mwisho wa mwezi, kila hatua unachagua: ulipe hiki au kile. Ni ndugu wa igizo letu, ila wa kioo. Watafiti wawili wa Yale, Gina Roussos na John Dovidio, wakaupima, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Mchezo haukuongeza mapenzi kwa maskini. Kwa baadhi ya wachezaji mambo yalikwenda kinyumenyume: walitoka wakiamini zaidi kwamba umaskini uko katika uwezo wa mtu mwenyewe. Na ukifikiri utaona sababu. Mchezo wowote unampa mchezaji uchaguzi. Asiye na uchaguzi hachezi, anatazama. Ukishachagua ukafika mwisho wa mwezi na senti mkononi, moyo unanong'ona: mbona mimi nimeweza?

Siyo kwamba natupa kila kitu. Igizo la ukumbini lina mazungumzo baada yake, mchezo wa kompyuta unakuacha peke yako na kidole chako. Na mara nyingi baadhi ya waliokaa nyuma ya meza, wale makarani na wenye nyumba wa kuigiza, ni watu wa mtaani walioishi maisha hayo kweli. Hapo ndipo ningependa taa imulike. Mama aliyepiga foleni miaka kumi amewekwa kuwa karani mkali, anafoka, anafunga dirisha mbele ya uso wa mwanafunzi. Anamjua huyo karani kwa ndani kuliko mwandishi yeyote. Anamwigiza kwa kisasi na kwa ucheshi. Huyo ndiye mhusika pekee mwenye historia katika ukumbi mzima, na maelezo niliyoyasoma yanampa mstari mmoja tu: waliojitolea.

Hapa ndipo nawageukia ninyi, wenzangu wa kalamu, maana haya mambo yetu ni yale yale. Fasihi ina desturi yake ya zamani ya kujifanya maskini. Mwaka 1902 Jack London alinunua nguo kuukuu akaingia mitaa ya mashariki ya London kuishi na mafukara. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, The People of the Abyss. Kabla ya kuingia alishona sarafu ya dhahabu ndani ya fulana yake, kwapani. Mwenyewe ndiye aliyetuambia. George Orwell naye akatoa chake mwaka 1933, cha kuosha vyombo Paris na kulala malazi ya wazururaji Uingereza. Barbara Ehrenreich mwishoni mwa miaka ya 1990 aliacha nyumba yake akafanya kazi za kuhudumu mezani, kusafisha nyumba na kuuza nguo dukani, akaandika Nickel and Dimed, iliyotoka mwaka 2001. Yeye alisema wazi kwamba alijiwekea masharti, alikuwa na gari, na angeweza kurudi kwake wakati wowote.

Naipenda ile sarafu ya kwapani kwa sababu imetajwa. Mwandishi anakuambia: nimelala nao, lakini nilikuwa nayo hii. Msomaji anapima mwenyewe. Sarafu ya wanafunzi wa unesi ni kengele, wanajua italia. Na sisi je? Nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzangu, humu na kwingineko, ambazo mhusika maskini anaitwa "mama mmoja", hana jina, hana mzaha, hajawahi kumdanganya mtu wala kumpenda mtu ovyo. Analia tu. Mwandishi wake amekulia chumba kimoja na wadogo zake watano, anajua kabisa kwamba chumba hicho kilikuwa na vicheko, ugomvi wa redio na mpango wa nani anatangulia bafuni. Lakini akishika kalamu anayaacha hayo yote na kuvaa macho ya mfadhili. Kwa nini? Kwa sababu ameona machozi ndiyo yanayochapishwa. Hiyo nayo ni bahasha, tena tumejigawia wenyewe.

Kulikuwa na manesi walioifuata njia tofauti. Mwaka 1893 Lillian Wald, nesi kijana, alikuwa akifundisha darasa la uuguzi wa nyumbani kwa wahamiaji wa New York. Akaja mtoto kumwita kwa mama yake mgonjwa, akamfuata kwenye ngazi za jengo bovu la kupanga. Alichokikuta kilimfanya yeye na mwenzake Mary Brewster wahamie kuishi huko huko mtaani, na kazi hiyo ikazaa Henry Street Settlement, ambayo ipo hadi leo. Sisemi kila mwanafunzi ahame kwao. Nao walikuwa na sarafu zao kwapani, na walipata matajiri wa kuwafadhili. Nasema walipanda ngazi wakabaki miaka, wakajua jina la mtoto na la mama, na asubuhi ya pili mtu aliweza kuwagongea na kuwaambia jana mmekosea.

Kwa hiyo ningepewa kasha lile nilihariri, meza nisingezigusa, wala tiketi. Ningegusa mambo mawili. Ndani ya kila bahasha ningetia karatasi ya majirani: nani anakudai, nani unamdai, nani hamsemezani tangu Krismasi. Halafu ningeongeza wiki ya tano. Wiki hiyo viti vinageuzwa. Mwanafunzi aliyekuwa baba asiye na kazi anahamia nyuma ya meza, anavaa koti jeupe, mbele yake foleni ya watu arobaini na dakika zile zile kumi na tano. Maana huko ndiko anakokwenda maishani. Hatakuwa maskini wa bahasha, atakuwa dirisha. Sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali za huko zenye idara ya dharura kumpima kila anayefika na kumtuliza hali, awe na fedha asiwe nazo, kwa hiyo hao arobaini watafika kweli, saa tano za usiku, na ugonjwa uliongoja tangu Jumatatu.

Kisha yule mama aliyekuwa akifoka kama karani aje upande wa pili na bahasha tupu, na maisha yake mwenyewe. Asimulie amechelewa kwa nini. Mwanafunzi aandike kwenye faili, na akishamaliza ampe mama faili na kalamu, asome alichoandikiwa, afute anachotaka kufuta.

Nilimwandikia dada mpango huu wote. Alinijibu kwa maneno machache, alikuwa ametoka zamu. Anauliza kama hiyo wiki ya tano nayo itahitaji tiketi.